MAJI YA PAA YASIPOTEE: SOMO LA MAPIPA YA MVUA KUTOKA KUZE



Somo letu la mwezi huu ni maji ya mvua yaangukayo juu ya paa la nyumba. Tutatazama namna ya kuyakinga katika mapipa, namna ya kuyaweka yasilete maradhi, na namna ya kuyatumia ili mvua ijayo ikute pipa lina nafasi. Mfano wetu tumeutwaa Kuze, mtaa mmoja wa Mji wa Kale katika kisiwa cha Mombasa.

Pengine mtauliza: mkulima wa Mpeketoni, wa Magarini au wa Shimba Hills ana haja gani na mtaa wa mjini usio na shamba hata la hatua tano? Jawabu ni kwamba bati la Kuze na bati la shamba ni bati moja, na mvua ni mvua moja. Tofauti ni kwamba Kuze mahali ni padogo, nyumba zimesongamana, na hasara ya maji yasiyokingwa huonekana upesi. Jambo linalomchukua mkulima miaka mitano kuligundua katika uwanja wake, mtu wa Kuze huliona kwa mvua moja.

1. Kisiwa kisicho na mto

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya mifereji yatoka mbali: chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake lilifikishwa Mombasa katika miaka ya 1950, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Watu ni wengi kuliko maji hayo. Kwa hiyo nyumba nyingi za mji hazipati maji kila siku, na wenye mikokoteni hupita vichochoroni wakiuza maji kwa mitungi ya lita 20.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya bomba la kwanza. Katika visiwa vya Lamu watu walijenga majabia, yaani mabirika makubwa ya kukusanyia maji ya mvua. Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, lipo birika la kukingia mvua. Mji wa Kale nao ulichimba visima katika misikiti na majumba. Lakini ardhi ya kisiwa ni mawe ya matumbawe yenye vitundu vitundu. Maji ya chooni hupenya humo kwa urahisi, na maji ya chumvi vilevile. Kisima kilichofaa wakati nyumba zilikuwa chache hakifai kwa kunywa zilipokuwa nyingi.

Na huku maji yanauzwa kwa mtungi, maji mengine yanaanguka bure juu ya paa. Mombasa hupata kwa wastani zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Sehemu kubwa ya maji hayo huteremka kutoka kwenye bati hadi kichochoroni, kutoka kichochoroni hadi baharini, kabla mtu hajafaidi hata kata moja.

2. Maji yasipokingwa hufanya nini

Maji ya paa yasiyo na njia hujitafutia njia. Katika Kuze hufanya mambo matatu.

Kwanza, hupiga chini ya ukuta. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Jengo la namna hii hudumu miaka mingi likiwa kavu. Lakini maji yakianguka mahali pamoja kila mvua, msingi hulowa, chokaa hulegea, na unyevu hupanda ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, hujaza vichochoro. Njia za Kuze ni nyembamba, na ardhi karibu yote imefunikwa kwa saruji na mawe, haina mahali pa kunywa maji. Mapaa yote humwaga kwa wakati mmoja. Mitaro huziba kwa takataka, na maji huingia katika vyumba vya chini. Mvua kubwa za El Niño za mwisho wa mwaka 1997, na tena za mwisho wa mwaka 2023, zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za pwani.

Tatu, huchukua uchafu. Maji yanayopita njiani hubeba plastiki, mafuta na maji machafu ya mitaro, yakaishia baharini ambako watu huvua samaki.

Sasa tazama nyumbani kwako shambani. Chini ya ukingo wa bati pana mfereji uliochimbwa na matone. Mfereji huo huungana na njia ya miguu, na njia ya miguu huteremka hadi shambani. Mvua kubwa ikija, maji ya paa, ya uwanja na ya njia huwa kijito kimoja, hukata udongo wa juu wenye rutuba, na mwaka hata mwaka kijito huwa korongo. Wakulima wengi huchimba matuta mazuri katika shamba lakini huacha maji ya nyumba yao yayavunje matuta hayo kutoka juu. Kinga ya shamba yaanzia kwenye paa.

3. Hesabu ya maji ya paa

Hesabu hii ni rahisi, na yafaa kila mtu aijue. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Basi pima urefu na upana wa nyumba kwa chini, pamoja na sehemu ya bati inayotokeza nje ya ukuta, uzidishe.

Tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Hiyo ni mita mraba 60. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu wakati wa masika, itaangusha lita 600 juu ya paa hilo. Toa sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka na kuvuja. Zabaki lita 480. Pipa la kawaida huchukua kiasi cha lita 200. Kwa hiyo mvua moja ya kawaida hujaza mapipa mawili na kuzidi.

Kila pipa lililojaa ni mitungi kumi ya lita 20. Kwa mtu wa Kuze ni mitungi kumi ambayo hatainunua. Kwa mama wa shambani ni mitungi kumi ambayo hataibeba kutoka kisimani. Ikiwa kisima ni mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, na yeye huchukua mtungi mmoja kila safari, pipa moja limemrudishia saa tano za kazi.

4. Vifaa na jinsi ya kufunga

Pipa. Chagua pipa la plastiki nene la rangi nyeusi au buluu, maana mwanga usipoingia maji hayaoti ukungu wa kijani. Pipa la chuma hupata kutu upesi karibu na bahari. Uliza pipa lilikuwa na nini zamani. Lililobeba chakula au mafuta ya kupikia, lioshe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa. Lililobeba dawa ya wadudu, dawa ya magugu, mafuta ya gari au kemikali yoyote usilinunue hata kama ni rahisi. Sumu haioshwi ikaisha.

Mlizamu. Huu ndio mfereji wa ukingoni mwa paa, ambao mafundi wengi huuita gata. Ufungwe ukiwa na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea upande wa pipa. Usipoteremka maji hutuama ndani yake, na mbu hawaoni tofauti kati ya mlizamu na dimbwi.

Kiti cha pipa. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200, yaani kuzidi magunia mawili ya mahindi. Usiliweke juu ya meza ya mbao wala juu ya mchanga mtupu. Shindilia ardhi, jenga kiti cha mawe au matofali kwa saruji, kimo cha futi moja na nusu hadi mbili, ili ndoo iingie chini ya bilula. Kiti kiwe sawa. Pipa likiinama litaangukia mtoto.

Bilula na tundu la kufurikia. Bilula iwekwe kimo cha vidole vinne kutoka chini ya pipa, ili tope libaki chini. Karibu na juu toboa tundu la kutolea maji yanayozidi, lenye upana usiopungua ule wa bomba linaloingiza. Watu wengi husahau tundu hili, na maji yanayofurika hurudi pale pale msingini. Tia bomba kwenye tundu hilo na uyapeleke maji mbali na ukuta.

Mapipa mengi. Ukiwa na mapipa mawili au matatu, yaunganishe kwa bomba upande wa chini. Yatajaa pamoja na kupungua pamoja.

Neno kwa wenye nyumba za zamani. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kabla ya kutoboa ukuta wa mbele au kubadili sura ya nyumba, ulizeni kwanza Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mara nyingi mlizamu na pipa vyaweza kuwekwa upande wa uani bila kuharibu sura ya nyumba.

5. Mbu: pipa baya ni bora lisiwepo

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa maana ndipo palipoharibika mambo ya watu wengi.

Mwaka 2004 homa ya chikungunya ilizuka Lamu. Wachunguzi walikadiria kwamba watu kama robo tatu ya wakazi wa mji ule waliugua. Jambo la kushangaza ni kwamba homa hiyo haikuja baada ya mafuriko, ilikuja wakati wa ukame. Maji yalikuwa adimu, watu wakayahifadhi majumbani katika vyombo, na vyombo havikumwagwa wala kusuguliwa mara kwa mara. Mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, alizaliana humo. Mwaka ule ule homa hiyo ikafika Mombasa. Mbu huyo huyo ndiye aletaye homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013 na mara nyingine pia.

Basi fahamuni tabia za mbu huyu. Hataki kinamasi, apenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yaweza kukauka miezi kadhaa yasife, kisha maji yakiyafikia huanguliwa. Tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kiasi cha siku saba hadi kumi. Kutokana na hayo twapata kanuni nne:

(a) Pipa liwe na kifuniko kinachobana, si kipande cha ubao au gunia.

(b) Kila tundu, la kuingiza na la kutoa, lifunikwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo kuliko milimita 1. Wavu uliotoboka ubadilishwe siku hiyo hiyo.

(c) Pipa likiwa tupu, sugua kuta zake za ndani kwa brashi ngumu. Kumwaga maji peke yake hakuondoi mayai.

(d) Kila juma fungua na utazame. Ukiona viluwiluwi vikipinda pinda ndani ya maji, mwaga maji yote juu ya ardhi kavu na usugue.

Mtu asiyeweza kushika kanuni hizi nne asiweke pipa. Atajiletea maji kidogo na kuwaletea jirani zake homa.

Kifuniko kina kazi ya pili pia. Mtoto mdogo aweza kuzama katika pipa lenye maji kidogo tu. Kifunge kwa namna ambayo mkono wa mtoto hauwezi kufungua.

6. Usafi wa maji

Maji ya mvua hutoka mawinguni yakiwa safi, lakini hupita juu ya paa. Mombasa ina kunguru wasio na idadi, na paa ndipo wanaposhinda. Pana pia vumbi, majani, na mavi ya paka na mijusi. Kwa hiyo maji ya kwanza ya mvua yasiingie katika pipa. Kwa paa la mita mraba 60, mwaga kiasi cha lita 30 hadi 60 za mwanzo. Njia nyepesi ni kuligeuza bomba pembeni mpaka uone maji yanateremka safi, kisha ulirudishe. Baada ya kiangazi kirefu mwaga zaidi.

Maji ya pipa yafaa kwa kufulia, kuoshea sakafu, kumwagia mboga na kunyweshea kuku. Ukitaka kuyanywa, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote vizuri, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Maji ya paa la makuti hutoka na rangi na taka nyingi. Yaacheni kwa mimea. Paa la asbesto la zamani lisikatwe wala kusuguliwa, na maji yake msinywe.

7. Pipa lililojaa halikingi mvua

Hili ndilo jambo gumu zaidi katika somo letu. Mtu akishajaza pipa huona uchungu kulitumia. Huliweka kama akiba ya sanduku. Mvua ya pili inakuja, pipa limejaa, na maji yote ya paa yanapita kama kwamba pipa halipo. Tazama hesabu hii.

Tuseme katika mtaa kama Kuze pana nyumba 50, kila moja ina paa la mita mraba 80 na mapipa 2 ya lita 200. Mapipa yote yakiwa matupu yana nafasi ya lita 20,000. Mvua ya milimita 10 itaangusha lita 40,000 juu ya mapaa hayo. Kwa hiyo nusu ya maji imezuiwa isifike vichochoroni. Lakini mapipa yakiwa yamejaa tangu juma lililopita, yamezuia nini? Hata lita moja.

Tena tuseme kweli. Ikija mvua ya milimita 100 kwa siku, maji ya mapaa hayo yatakuwa lita 400,000, na mapipa yatachukua sehemu moja tu katika ishirini. Pipa halimalizi mafuriko makubwa. Kazi hiyo ni ya mitaro mipana iliyosafishwa, na ya watu kuacha kutupa takataka ndani yake. Pipa hupunguza maji ya mvua ndogo na za kati, ambazo ni nyingi, na huchukua maji ya mwanzo wa mvua kubwa.

Kwa hiyo wakati wa masika tumia maji ya pipa kila siku, hasa kwa kazi za maji mengi. Mvua zinapoelekea kwisha ndipo ujaze na kuweka akiba. Mwenye shamba ana nafuu kuliko mtu wa Kuze, kwa sababu ana ardhi ya kupokea maji yanayozidi. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini, umbali usiopungua hatua tano kutoka ukutani, mbali na choo na upande wa chini wa kisima. Lijaze nusu kwa majani makavu na samadi, upande migomba au mipapai, na ulielekeze bomba la kufurikia humo. Hivyo maji yaliyokuwa yakikata korongo yatakuza ndizi. Shimo hili nalo lisitwamishe maji zaidi ya siku mbili au tatu.

Na kiangazi kikija, pipa moja la lita 200, kwa kiasi cha lita 5 kwa mita mraba kila jioni, litanywesha tuta la mchicha la mita mraba 8 kwa siku tano. Si mengi, lakini kitalu cha miche ya mikorosho au miembe chahitaji machache kuliko hayo, na miche iliyonusurika ni mavuno ya miaka.

Msidhani kwamba kukinga mvua ni jambo la maskini tu. Katika kisiwa cha Bermuda, ambacho nacho hakina mto, sheria humtaka mwenye nyumba akinge maji ya paa lake. Nako Thailand, tangu miaka ya 1980, watu wa vijijini walijengewa mitungi mikubwa ya saruji kwa mamilioni.

8. Kalenda ya kazi

Machi, kabla ya masika: fagia paa, safisha mlizamu, sugua pipa, tazama wavu na kiti.

Aprili hadi Juni: tumia maji kila siku, tazama viluwiluwi kila juma.

Julai hadi Septemba: weka akiba, ikipungua tumia kwa kitalu kwanza.

Oktoba, kabla ya vuli: fanya tena kazi ya Machi.

Desemba hadi Februari: pipa likiisha maji, lisugue, likauke, lifunikwe.

Anza na pipa moja. Ukilishika vema miezi sita, ongeza la pili. Maji yakimwagika hayazoleki. Yaliyo juu ya bati bado hayajamwagika. Mwenye shaka na amwulize afisa wa kilimo wa wadi yake, au afisa wa afya kwa habari za mbu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Paa lako lina mita mraba ngapi? Mvua ya milimita 15 italiangushia lita ngapi?

2. Kwa nini homa ya Lamu ya mwaka 2004 ilizuka wakati wa ukame?

3. Kwa nini haitoshi kumwaga maji yenye viluwiluwi bila kusugua pipa?

4. Jirani yako ana mapipa manne yaliyojaa tangu mwezi uliopita, na mvua zingali zanyesha. Utamshauri nini?

5. Maji yanayofurika kutoka pipa lako huenda wapi? Nenda ukatazame mvua ijayo.